Asilimia 40 haikumaliza ugomvi wa kikokotoo

Tangu Juni 2024, Serikali ilipotangaza bungeni kwamba mkupuo, yaani sehemu ya mafao ambayo mtumishi hulipwa kwa mara moja anapostaafu, utapanda kutoka asilimia 33 hadi 40, imeenea kauli kwamba ugomvi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao hayo, umekwisha. Nimeisikia kwa wakuu wa idara, kwa watangazaji wa redio, na hata kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ambao wangependa wapumue kidogo. Wanaosema hivyo hukereka wakiona walimu na wauguzi bado wanalitaja jambo hilohilo kila ikija Mei Mosi, na haraka sana huhitimisha kwamba mtumishi wa Tanzania haridhiki: ulimpa 33 akataka 40, umempa 40 anataka 50, kesho atadai zote.

Naona wamelisoma jambo hili kinyumenyume. Kwanza, asilimia 40 haikurudisha kilichoondolewa. Ilimruhusu tu mstaafu achukue mapema fungu kubwa zaidi la pesa ambayo ilikwisha kupunguzwa. Pili, na hili ndilo zito, Serikali na mtumishi wake hawajawahi kukubaliana kustaafu ni nini. Kwa aliyeandika kanuni, kustaafu ni kukoma kwa mshahara, na pensheni ni mshahara mdogo unaoendelea mpaka kaburini. Kwa mwalimu wa Rungwe au muuguzi wa Nzega, kustaafu ni siku ambayo, baada ya miaka 30 na ushee kazini, atashika kwa mara ya kwanza pesa inayotosha kufanya jambo. Maana hizo mbili hazipatanishwi kwa kuongeza pointi saba.

Historia yenyewe ni fupi ila ina kona. Hadi 2018 kila mfuko wa pensheni ulikuwa na hesabu zake. Mtumishi aliyekuwa PSPF au LAPF alichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na aliyekuwa PPF au NSSF alichukua robo. Mwaka huo PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Zikaja na kanuni mpya zilizowaweka wote kwenye robo. Nchi ikachafuka. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alizisitisha na kuagiza kila mtu aendelee na kikokotoo chake cha zamani katika kipindi cha mpito hadi 2023. Kabla kipindi hicho hakijafika mwisho, kuanzia Julai 2022, na baada ya mazungumzo yaliyovihusisha vyama vya wafanyakazi na waajiri, ikaja asilimia 33 kwa wote. Miaka miwili baadaye ndipo tukasikia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo.

Katika simulizi hiyo kila mtu anataja asilimia. Lakini kikokotoo kina namba tatu, na mbili nyingine ndizo zilizofanya kazi kubwa kimyakimya. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua mshahara wa mwaka unaohesabiwa, kuuzidisha kwa miezi ya utumishi, kisha kugawa kwa namba fulani. PSPF iligawa kwa 540, sasa tunagawa kwa 580. Mkupuo nao hupatikana kwa kuchukua asilimia yako ya pensheni hiyo na kuizidisha kwa miaka fulani. PSPF ilizidisha kwa 15.5, sasa tunazidisha kwa 12.5. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, mshahara wake unaohesabiwa ukiwa Sh1,200,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya zamani ya PSPF angeondoka na mkupuo wa Sh74.4 milioni na pensheni ya Sh400,000 kila mwezi. Kwa hesabu ya Julai 2022 angepata mkupuo wa Sh36.9 milioni na pensheni ya Sh499,000. Kwa asilimia 40 ya sasa anapata Sh44.7 milioni na Sh447,000 kwa mwezi. Ukilinganisha ya zamani na ya sasa, amepoteza karibu Sh30 milioni mkononi na kuongezewa Sh47,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichopotea inabidi aishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu, yaani afikishe karibu 113.

Sasa angalia kitu kingine. Mtumishi huyohuyo angepewa asilimia ileile 40, lakini kwa 540 na 15.5 za zamani, angepata mkupuo wa Sh59.5 milioni na pensheni ya Sh480,000. Vyote viwili vingekuwa vikubwa kuliko anavyopata leo. Asilimia kazi yake ni kugawa. 580 na 12.5 ndizo zinazopunguza. Kutoka 33 kwenda 40 mstaafu wetu ameongezewa Sh7.8 milioni za mkupuo kwa kukatwa Sh52,000 kwenye pensheni ya kila mwezi, na akivuka umri wa miaka 72 na nusu atakuwa ameanza kula hasara, kwa maana angekuwa amefaidika zaidi na ile 33. Hakuna shilingi mpya iliyoingia hapo. Ni pesa yake mwenyewe imehamishwa mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na pamoja na hayo watu walishangilia. Sishangai. Nitaeleza baadaye kwa nini walikuwa na haki ya kushangilia hata hivyo.

Haki inataka niseme pia kwamba waliotoka PPF na NSSF wana hadithi tofauti. Wao 580 na 12.5 walikuwa nazo tangu kabla ya 2018, na robo yao imepanda hadi 33, kisha 35. Wapo wanaouliza, na ni swali halali, kwa nini mhasibu wa shirika la umma na mhasibu wa halmashauri waliochanga sawa walipwe tofauti kwa sababu tu ya jina la mfuko. Serikali ilikuwa sahihi kutaka hesabu moja. Ilichagua tu kuwashusha wa juu ili wafanane na wa chini.

Hoja yenye nguvu zaidi upande wa Serikali inahusu uhai wa mfuko, na haifai kuipuuza. Mfuko ukilipa kuliko unavyoingiza utakufa, na ukifa, anayestaafu kesho hatapata hata hiyo 33. PSPF ilikuwa imeelemewa kweli. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni nani aliyeielemea. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali hawakuwa wakichangia. Mafao yao yalikuwa jukumu la Hazina moja kwa moja. PSPF ilipoanza kukusanya michango ilibebeshwa pia kuwalipa watu kwa miaka ya utumishi ambayo haikuchangiwa hata senti, kwa ahadi kwamba Serikali ingerudisha. Deni hilo likavimba mwaka hadi mwaka, na Desemba 2021 ndipo Serikali ikatoa hatifungani maalum isiyo taslimu, yaani hati ya deni badala ya pesa mkononi, ya zaidi ya Sh2 trilioni kwa PSSSF kama sehemu ya kulilipa. Juu ya hapo kulikuwa na mikopo ya mifuko kwenye miradi ya Serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa mfano unaojulikana zaidi. Chuo ni kizuri na kimesomesha watu. Ila mwalimu aliyekatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi tangu 1999 bila kukosa, na mwajiri akitakiwa kuweka 15, hakuchimba hilo shimo. Kumwambia alifukie kwa mkupuo wake ni kumlipisha deni la mwajiri.

Nayo hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi, pengine kwa kuwa inachekesha. Inasema mstaafu akipewa pesa nyingi kwa mpigo ataitapanya: atanunua gari bovu, ataongeza mke mdogo, atafuga kuku wa mayai wakafa kwa kideri, na ndani ya miaka miwili atakuwa anazunguka ofisini kwake wa zamani akiomba nauli. Kwa hiyo tumlinde dhidi yake mwenyewe. Kila mtu anamjua mstaafu mmoja wa namna hiyo, na huyo mmoja ameadhibisha maelfu. Sijaona anayetoa hoja hii akiweka mezani hesabu ya wangapi walitapanya na wangapi walijenga. Isitoshe, hoja hii ina upofu wa ajabu. Mbunge wa Tanzania hulipwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo kila Bunge linapomaliza miaka yake mitano, na sijawahi kusikia mtu akisimama kusema tukigawe kwa miezi ili asije akakitapanya. Wanaoaminika na pesa nyingi ni wale waliokwisha kuzizoea. Mwalimu aliyelea watoto wanne kwa mshahara ulioishia tarehe 12, akawasomesha wote, ndiye tunayeambiwa hajui kupanga matumizi.

Upande wa wafanyakazi nao una hoja yake mbovu, na kwa kuwa nakubaliana nao kwenye msingi, nina wajibu wa kuitaja. Husemwa kwamba Mtanzania anaishi wastani wa miaka sitini na kitu, hivyo pensheni ya kila mwezi ni danganya toto, mtu atakufa kabla hajaila. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na huvutwa chini na watoto wanaofariki wakiwa wachanga na vijana wanaokufa kwa ajali na maradhi. Aliyekwisha kufika 60 ameshavuka mitego hiyo, na kwa kawaida bado ana miaka mingi mbele yake. Anayekula mkupuo wote kwa imani kwamba hatafika 70 huenda akajikuta na miaka 82, macho hayaoni vizuri, na mkononi hana kitu. Pensheni ya kila mwezi ni ulinzi wa kweli dhidi ya uzee mrefu. Tatizo ni kwamba mstaafu wetu ana hofu nyingine zinazokuja kabla ya hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye maana. Baba yangu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi Tukuyu, alikuwa na kaunta buku ya jalada jekundu ambayo miaka yake mitatu ya mwisho kazini aliigeuza daftari la mkupuo. Niliiona mezani kwake. Mstari wa kwanza: bati geji 28, idadi, bei, na bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu kila ilipopanda. Kisha mbao za kenchi, misumari, fundi. Kisha ada ya kitinda mimba wake aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Kisha deni la benki. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, "mengineyo". Nyumba ya tofali za kuchoma ilikuwa imesimama kwenye lenta kwa miaka tisa ikisubiri siku hiyo, migomba ikiwa imeota sebuleni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mkupuo wake umepungua lakini pensheni yake ya mwezi imeongezeka, unamwambia kwamba nyumba haitaezekwa ila atakuwa na sukari ya kutosha.

Nyumba ya aina hiyo utaikuta kila wilaya. Mshahara wa mtumishi wa kawaida haukuundwa kujenga nyumba. Mikopo ya nyumba katika benki zetu ni ya maelfu machache nchi nzima, kwa riba ambayo mwalimu hawezi kuibeba. Kinachobaki ni mkopo wa mtumishi unaokatwa kwenye mshahara mpaka anabaki na moja ya tatu, na huo huishia kwenye ada, msiba na matibabu ya mzazi. Kwa hiyo nchi nzima imejenga utaratibu wake usioandikwa popote: mtu anapanga miaka 30, ananunua kiwanja akiwa na 40, anasimamisha ukuta akiwa na 50, anapaua akistaafu. Mkupuo ndio umekuwa benki yetu ya nyumba, umekuwa mtaji wetu wa biashara, umekuwa bodi yetu ya mikopo kwa mtoto wa mwisho. Kazi hizo zote ilibidi zifanywe na taasisi nyingine mtumishi akiwa bado na nguvu. Hazikufanywa. Ndiyo maana watu walishangilia zile Sh7.8 milioni ingawa ni pesa yao wenyewe: bati hazinunuliwi kwa Sh52,000 za kila mwezi.

Pia kuna suala la nani anarithi nini. Pensheni ya kila mwezi ni ya mwenyewe. Akifariki, wategemezi hulipwa kiasi cha pensheni ya miezi 36, na hapo mlango unafungwa. Nyumba haifungwi. Mjane anakaa ndani, anapangisha chumba cha nje, watoto wanajua pa kurudi. Mtaalamu wa mifuko anaangalia mtu mmoja na umri wake wa kuishi. Mstaafu anaangalia ukoo. Halafu kuna thamani ya pesa. Hata kwa mfumuko wa bei wa asilimia 3 tu kwa mwaka, ile pensheni ya Sh447,000 baada ya miaka 12 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa kama Sh313,000. Nyongeza za pensheni huja kwa uamuzi, haziji zenyewe kila bei zinapopanda. Mwaka 2025 kima cha chini cha pensheni ya PSSSF kilipandishwa kutoka Sh100,000 hadi 150,000, jambo jema, lakini aliyekaa miaka kadhaa akipokea laki moja palepale anajua mfuko wa saruji ulikuwa bei gani alipoanza kuipokea. Aliyeweka pesa yake kwenye tofali hana haja ya kusubiri tangazo.

Tofauti ya maana inaonekana vizuri zaidi ukitazama mbali kidogo. Machi 2023 Wafaransa walijaa mitaani, takataka zikalundikana Paris, kwa sababu Serikali ya Emmanuel Macron ilipandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64. Hawakuwa wakidai mkupuo. Walikuwa wakidai miaka miwili ya maisha yao. Kwao kustaafu ni muda: muda wa kusafiri, wa bustani, wa kutofanya kitu. Mfaransa anaweza kuiona hivyo kwa kuwa kodi ya nyumba, hospitali na shule ya mtoto vilishughulikiwa kwa njia nyingine akiwa kazini, na pensheni yake hurekebishwa bei zikipanda. Hapa kwetu sijasikia maandamano ya kudai kupumzika. Mwaka 2018, umri wa kustaafu wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa ulipopandishwa kutoka 60 hadi 65, wahusika wengi walipokea kama zawadi. Daktari bingwa hata akistaafu Ijumaa, Jumatatu yuko hospitali binafsi. Kwake neno lenyewe lina maana ya kubadilisha mwajiri.

Wapo wengine ambao kikokotoo hakiwagusi wala hakiwezi kuwasaidia. Fundi wa mgodini au dereva wa kampuni ya ujenzi anafanya kazi kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Kwake miaka 60 ni habari ya mbali. Siku ya kustaafu ni siku mkataba unapoisha na hakuna mwingine. Ndiyo maana vita ya fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ajira inapokoma, ilikuwa kali. Lilipoondolewa, badala yake likawekwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na mtu wa miaka 34 akaambiwa michango yake mingine imsubiri. Sheria ilidhani kila mtu ana ajira moja ndefu yenye mwisho unaojulikana. Muuguzi mwanamke naye, akirudi nyumbani na cheti cha utumishi uliotukuka, anakuta wajukuu watatu wameletwa na mama yao amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Jirani akiumwa usiku anagongewa yeye. Mwanamume wa rika lake anaitwa kwenye vikao vya ukoo, posa na mirathi, anachaguliwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kijiji, na michango inamfuata huko kwa sababu inajulikana kwamba amelipwa. Mama lishe wa Buguruni na mvuvi wa Mafia hawastaafu. Wanapunguza, halafu siku moja hawaendi.

Yupo pia anayeona kustaafu kwa mwenzake kama nafasi. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, waliojitokeza kuomba walikuwa zaidi ya 135,000. Kijana katika foleni hiyo akisikia mtu ameongezewa mkataba baada ya miaka 60, hana hamu ya kusikia habari za uzoefu. Naye ana hoja. Lakini mzazi wa kijana huyo ndiye yule anayeomba mkataba, na anauomba ili aendelee kumlisha kijana ambaye hajapata kazi. Hapo ndipo kikokotoo, ajira na nyumba vinapokuwa jambo moja, na ndipo unapoona kwamba kulitatua kwa kupandisha asilimia ni kushika mkia.

Nini kifanyike? La kwanza halina gharama kubwa kwa mfuko: mstaafu achague mwenyewe. Kwa kuwa mkupuo na pensheni ya mwezi vinabadilishana kwa namba ileile, 12.5, hakuna sababu kubwa ya kihesabu ya kumlazimisha kila mtu kwenye 40 au 35. Mwenye nyumba, watoto wamemaliza shule na mama yake alifika miaka 95, achukue robo na apokee zaidi kila mwezi. Mwenye ukuta ulioishia kwenye lenta achukue nusu. Ipo hatari kwamba wagonjwa wote watachagua mkupuo na wenye afya watachagua pensheni ndefu, na mfuko uumie. Hatari hiyo inawekewa mipaka, kwa mfano kati ya 25 na 50, na uamuzi kufanywa miaka miwili kabla. La pili ni kuhamisha mzigo wa nyumba kutoka kwenye mkupuo. Mfuko ulioweza kukopesha Serikali pesa ya kujenga chuo unaweza kukopesha mwanachama mwenye miaka 35 pesa ya kupaua, kwa riba ndogo, michango yake ikiwa dhamana. Mwanachama huyo akifika 60 akiwa na paa, utashangaa jinsi kelele za mkupuo zitakavyopungua.

La tatu ni la wale wasio na mfuko. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi Sh20,000 kwa mwezi bila kuuliza alifanya kazi wapi, na baadaye ikapandisha hadi Sh50,000. Kenya nayo ina Inua Jamii, Sh2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Bara hatuna mpango wa aina hiyo, na miaka yote hii mjadala wetu wa uzee umekuwa wa watu wenye hati ya mshahara. Mvuvi wa Mafia alilipa kodi kwenye mafuta ya boti yake muda wote huo.

Kwa vyama vya wafanyakazi nina moja tu. Bango la Mei Mosi linalodai asilimia 50 linadai kitu kisicho sahihi. Yule mtumishi wetu wa miaka 30 akipewa 50 leo, kwa 580 na 12.5, ataondoka na mkupuo wa Sh55.9 milioni na pensheni ya Sh372,000. Asilimia 40 kwa hesabu ya PSPF ingempa zaidi kwa vyote viwili. Serikali inaweza kukubali 50 kesho asubuhi, ikapigiwa makofi, bila mfuko kutoa shilingi ya ziada. Kinachopaswa kudaiwa ni tathmini ya mfuko iwekwe wazi, kwa lugha ambayo mwanachama anaisoma, ionyeshe 580 na 12.5 zinalinda nini hasa na mpaka lini. Sababu kubwa iliyotolewa ni mzigo wa watu walioajiriwa kabla ya Julai 1999. Aliyekuwa kijana kuliko wote kati yao, tuseme alianza akiwa na miaka 18, atafikisha 60 mwaka 2041. Baada ya hapo kila atakayegonga mlango wa PSSSF atakuwa amechangiwa tangu siku yake ya kwanza kazini. Walimu walioajiriwa kwa wingi wakati wa shule za kata wanaanguka katika kundi hilo. Kama 580 itabaki palepale siku hiyo, Serikali itabidi itafute maelezo mengine, na ni vizuri ianze kuulizwa sasa wakati hao walimu bado wana miaka 15 ya kukatwa.